Njano ya Jaroso

Kupaka nyumba chokaa ilikuwa kazi ya wanawake, na pale Los Tarajes, kitongoji kilichojibanza chini ya milima ya Almagrera kusini mwa Hispania, hakuna aliyeifanya vizuri kumshinda Águeda. Aliianza akiwa msichana mdogo, akimbebea ndoo mama yake Catalina nyumba hadi nyumba kila ilipokaribia sikukuu ya mtakatifu wa kijiji. Alipofika miaka ishirini na miwili alikuwa anapanda ngazi peke yake na kumaliza ukuta mzima kabla jua halijawa kali. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na ulimi ambao mama yake alisema ungefaa kukatia kamba.

Baba yake, Ginés, alifanya kazi ndani ya mlima. Migodi ya fedha ilikuwa imejaa maji tangu enzi za babu yake, na miaka hiyo ya hamsini serikali ilikuwa inajaribu kuyavuta kwa pampu ili watu wachimbe tena. Ginés alikuwa mmoja wa wale walioshinda mahandakini wakihamisha mabomba. Suruali mpya haikumaliza msimu. Maji ya mle ndani yalikuwa makali, yalikula pamba kama nondo, na kwenye magoti yaliacha doa la njano iliyoiva kama haradali.

Catalina alizipiga nguo hizo kwenye jiwe la kufulia mpaka mikono ikamuuma.

“Hili si doa, ni ukaidi,” alisema. “Nafua, nachemsha, naanika. Nguo imeshatoboka, njano iko palepale.”

“Usiitukane,” Ginés alimjibu huku akivua viatu mlangoni. “Mle ndani kuna jiwe linalong’aa kama dhahabu ya kudanganyia watoto. Ni chuma na salfa vimeshikana. Likiwa limezikwa, limetulia zake. Likipata hewa na tone la maji, linaanza kuoza, linatoa tindikali. Ile tindikali inakula mwamba ulio jirani, na maji yakikauka, kinachobaki ukutani ndicho hicho unachokipiga.”

“Basi nenda kakae nacho huko huko.”

Águeda alikuwa anamenya vitunguu saumu. Katika maneno yote ya wazazi wake, moja tu ndilo lililomnasa: kwamba ile njano haitoki kwa maji. Rangi zote alizozijua za kutia kwenye chokaa zilitoka dukani kwa vipimo vya kijiko, na mvua mbili tatu zilizififisha. Hii ilikuwa bure, imelala kwenye korongo la huko mlimani, na sabuni ya mama yake ilikuwa imeishindwa.

Nafasi ya kuijaribu ilimjia mwaka huohuo. Kule mjini Cuevas alikuwako mjane mmoja mwoka mikate, Doña Primitiva, aliyekuwa anamwoza binti yake mwisho wa kiangazi. Alitaka uso wa nyumba yake upakwe upya, na hakutaka mweupe kama wa kila mtu.

“Nikupakie buluu?” Águeda alimuuliza.

“Buluu anayo dada wa kasisi. Mimi nataka kitu ambacho watu wakipita wasimame.”

“Basi nitakupa njano ambayo hakuna aliye nayo kutoka hapa mpaka Vera. Na haitafifia. Mvua itatangulia kuchoka yenyewe.”

Catalina aliposikia ahadi hiyo alijipiga paji la uso. “Nani kakutuma? Umeijaribu wapi?”

“Kwenye magoti ya baba.”

Asubuhi iliyofuata alichukua punda na makapu mawili akapanda hadi korongo la Jaroso. Ni korongo jembamba, kavu, lenye vichaka vya jara vinavyonata mikononi, na pande zote mbili marundo ya mawe yaliyotupwa na wachimbaji wa zamani. Kwenye kuta za mwamba, mahali mshipa wa madini ulipochomoza juu ya ardhi, njano ilikuwa imetanda kama gamba. Mahali pengine ilikuwa ya kahawia kidogo, pengine ya kung’aa kama siagi. Aliikwangua kwa ukucha ikatoka. Aliisugua kati ya vidole ikawa laini kama unga wa dengu, na ilinuka salfa kwa mbali sana, kama njiti ya kiberiti iliyozimwa chumba cha pili. Aliijaza makapu yote mawili, akairudisha nyumbani, akaitwanga na kuichekecha mara mbili kwa chekeche la mama yake, jambo lililozua ugomvi mwingine.

Chokaa aliinunua kwa Melchor. Huyu alikuwa kijana wa ng’ambo ya mto, mwenye tanuri la kuchomea chokaa alilorithi kwa baba yake na nyumbu mmoja mzee. Alikuwa mzito wa kusema. Watu walimtania kwamba ukimsalimia Jumapili anakuitikia Jumatatu. Lakini chokaa yake ilikuwa nzuri, imezimwa kwa maji na kulazwa shimoni kwa miezi, nyororo kama maziwa mgando. Alipoileta uani kwa Doña Primitiva akaliona lile vumbi kwenye beseni, alisimama kulitazama.

“Hilo umelitoa wapi, Águeda?”

“Wewe niuzie chokaa. Maswali mpelekee kasisi.”

“Nasema tu. Chokaa ni kali. Haipendi kila mgeni.”

“Utadhani unamzungumzia mkeo.”

“Sina mke,” alisema Melchor taratibu.

“Hata sishangai,” akajibu Águeda, na wasichana wa kwenye tanuri la mikate wakacheka mpaka mmoja akaunguza mkono.

Ukuta ulipokauka, kweli watu walisimama. Ulikuwa njano ya asubuhi, safi, bila doa. Mwendesha posta alishuka kwenye baiskeli. Dada wa kasisi alipita mara mbili akijifanya amesahau kitu. Águeda alirudi Los Tarajes ameketi juu ya punda kama malkia, na siku chache baadaye wanawake wawili wa mtaa wa Doña Primitiva walikuwa wameshamwomba awapakie.

Halafu mabadiliko yakaanza. Kwanza yalikuwa madoa karibu na ardhi, kama mtu aliyemwaga chai. Kisha yakapanda. Kila siku ukuta uliiva kidogo zaidi, kutoka njano kwenda rangi ya asali, kutoka asali kwenda hudhurungi, mpaka nyumba nzima ikawa na rangi ya sufuria la chuma lililosahauliwa nje. Doña Primitiva alimtumia ujumbe, na Águeda alipofika alimkuta barabarani, mikono kiunoni.

“Binti, nilikuajiri uupake ukuta au uukaange?”

Águeda aliugusa ukuta, akanusa vidole vyake, na damu ikampanda. Alijijua yeye ni hodari. Vumbi alilijua halibadiliki. Magoti ya baba yake yalikuwa ushahidi. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa chokaa, na mwenye chokaa alikuwa mmoja tu.

Siku ya soko alimkuta Melchor ameegemea nyumbu wake, katikati ya wauza matikiti na wauza vyungu.

“Tapeli wewe!” alimwambia, na sauti yake ikafika kanisani. “Umetia nini kwenye ile chokaa? Majivu? Chumvi? Umeniharibia ukuta wa Doña Primitiva na harusi iko mlangoni!”

“Sikutia kitu.”

“Hukutia kitu! Jamani, nendeni mkautazame, kisha mje mniambie kama hakutia kitu! Mwenye nyumba anayetaka kuilaza na kutu, anunue kwa huyu!”

Melchor alifungua mdomo, akaufumba. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Mwisho alimshika nyumbu hatamu akaondoka, na ule ukimya wake watu wakauhesabu kuwa ni kukiri. Katika majuma yaliyofuata hakuna aliyemwagiza. Waliokuwa wamemwagiza walisema watangoja kwanza. Tanuri lake, ambalo msimu ule lilipaswa kuwaka mfululizo, likabaki baridi, na moshi haukuonekana ng’ambo ya mto.

Wa kwanza kuona kasoro katika lawama hizo alikuwa Ginés. Jioni moja alisema, “Mimi yule kijana namjua. Baba yake alikuwa hivyohivyo. Watu wasiojua kusema huwa hawajui na kudanganya, maana udanganyifu unataka maneno mengi.”

“Baba, na ukuta je?”

“Ukuta sijui. Mimi najua mabomba.”

Melchor mwenyewe alikuja Los Tarajes Jumapili, baada ya misa, na nyumbu wake akiwa na kiriba kimoja tu cha chokaa. Hakumsalimia Águeda. Alimwomba Catalina ruhusa, akapaka kipande cha ukuta wa banda la mbuzi, cheupe kitupu. Kando yake akachanganya chokaa ileile na kiganja cha vumbi la njano, akapaka kipande cha pili.

“Ni ya shimo lilelile,” alisema. “Sasa vitazame mwenyewe, siku hadi siku.”

Alikuja tena Jumapili ya pili, na ya tatu. Kipande cheupe kilibaki cheupe hata kikaumiza macho. Kile cha njano kilikuwa kimeshaanza kuiva. Águeda alivitazama vyote viwili, akakwangua kila kimoja kwa ukucha.

“Tena kuna kingine,” Melchor alisema. Alitoa mfukoni bonge dogo, jekundu kama tofali. “Niliokota jiwe lako moja nikalitia ukingoni mwa tanuri. Lilinuka salfa, nikakohoa hadi machozi. Likatoka hivi. Ndani yake mna chuma kitupu, Águeda. Nadhani ile njano ni kutu iliyofungwa kamba. Ila sijui ni kamba gani.”

“Nani anajua?”

“Don Rosendo.”

Don Rosendo alikuwa mfamasia wa Cuevas, mzee mkarimu aliyepanga mawe ya Almagrera kwenye kabati la kioo kati ya dawa za kikohozi. Waliingia dukani kwake pamoja, kila mmoja akitazama upande wake. Mzee aliwasikiliza hadi mwisho, akaanza kutabasamu, akatoa glasi mbili. Katika zote alitia maji na kijiko cha vumbi. Njano ikatua chini, maji yakabaki safi. Kisha kwenye glasi moja akaongeza chokaa ya Melchor, akaikoroga, akawafungulia mlango.

“Tembeeni kidogo kila siku mpite hapa. Dawa zangu zote ni za haraka. Hii ni ya subira.”

Walipita siku moja baada ya nyingine, na kwa kuwa njia ilikuwa moja na nyumbu alikuwa mmoja, walilazimika kuzungumza. Mwanzoni walizungumza juu ya nyumbu. Hatimaye ile glasi yenye chokaa ikawa na tope la kahawia, na nyingine njano yake ilikuwa kama siku ya kwanza.

“Mmeona?” alisema Don Rosendo. “Jiwe hili limezaliwa kwenye tindikali. Ni chuma na salfa iliyokwisha kunywa hewa na maji, pamoja na potasiamu kidogo iliyotoka kwenye mwamba, vyote vimefungamana. Panapokuwa na ukali, linatulia miaka kwa maelfu. Ndiyo maana liko mlimani kwetu: lilipata maji ya kuliumba, kisha likapata ukame wa kulihifadhi. Lakini chokaa na tindikali haviwezi kukaa chumba kimoja. Chokaa inaing’oa ile salfa, inajitengenezea jasi, na chuma kinaachwa uchi. Na chuma kikiachwa uchi hufanya nini?”

“Hushika kutu,” alisema Melchor.

“Wataalamu waliliita kwa jina la korongo lenu. Jarosita. Zaidi ya miaka mia sasa, na watu wa hapa wengi hawajui kwamba korongo lao limo vitabuni.”

Águeda hakusikia habari ya vitabu. “Kwa hiyo chokaa yake ilikuwa safi.”

“Safi kabisa, mwanangu. Ingekuwa mbovu, labda njano yako ingedumu kidogo.”

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Doña Primitiva kumwambia kwamba kosa ni lake na kwamba ataupaka ukuta upya, mweupe, kabla ya harusi. Yule mjane alikuwa amekaa nje anapunga upepo. Alimsikiliza, kisha akageuka kuutazama uso wa nyumba yake uliokuwa umeiva sawasawa sasa, kuanzia chini hadi paa.

“Usiuguse,” alisema.

“Lakini nilikuahidi njano.”

“Ahadi yako imeiva kupita kiasi, basi. Jana mpwa wangu kaniambia nyumba inafanana na ganda la mkate. Mimi nauza nini, Águeda? Matikiti? Wacha ibaki. Binti yangu ataolewa kwenye mlango wa mkate.”

Angeweza kuishia hapo. Mwenye ukuta ameridhika, na Melchor hakuwa amemdai chochote. Lakini siku ya soko Águeda alivaa kitambaa chake cha misa, akaenda kusimama palepale kati ya matikiti na vyungu.

“Sikilizeni!” aliita. “Nilisimama hapa nikamwita Melchor tapeli. Nimemsingizia. Chokaa yake haina hila, ni nyeupe kuliko mashuka yenu yote. Ukuta niliuharibu mimi, kwa jiwe nililolipandia mlima mwenyewe. Atakayemnyima kazi kwa sababu ya mdomo wangu, aninyime na mimi.”

Melchor alikuwa amesimama kando ya nyumbu wake, mwekundu tena.

“Rudia,” alisema. “Yule wa vyungu kule mwisho hakusikia.”

Soko zima likaangua kicheko, na Águeda, aliyekuwa karibu kulia, akacheka pia. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na mwuza vyungu akapunga mkono kuonyesha kwamba amesikia. Juma hilohilo moshi ulionekana tena ng’ambo ya mto.

Njano hakuiacha. Kama haitaki chokaa, alitaka kujua inataka nini. Alijaribu maziwa yaliyochacha, yakaota ukungu. Alijaribu mafuta, yakakubali lakini yakanuka. Melchor alileta wazo la gundi ya ngozi za sungura, ile wanayotumia maseremala, na wawili hao wakawa wanaichemsha uani kwa Catalina Jumapili hadi Jumapili.

“Mnapika sungura au mnapika rangi?” Catalina aliuliza kutoka dirishani. “Maana chakula hatuoni na harufu tunaipata sote.”

Gundi ilifaa. Njano ilishika na haikugeuka, ilimradi isinyeshewe na ukuta usiwe na chokaa chini yake. Siku walipohakikisha hivyo, Melchor alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafikiri muda mrefu, hata Águeda akadhani amesinzia.

“Nyumba yangu ndani haijaguswa tangu mama afariki,” alisema hatimaye.

“Unataka niipake?”

“Nataka uipake. Halafu usiondoke.”

Águeda aliendelea kukoroga. “Itabidi tukwangue chokaa yote. Kisha tusiribe upya kwa jasi. Kazi hiyo si ndogo.”

“Najua.”

“Na nyumbu asilale karibu na dirisha.”

“Nitamhamisha.”

Walifunga ndoa majira ya baridi. Mwoka chokaa akawa na chumba cha kulala kisicho na chembe ya chokaa, na wenzake walimcheka kwa hilo maisha yake yote. Chumba chenyewe kilikuwa njano kutoka sakafu hadi boriti. Águeda alisema kwamba asubuhi za mawingu ndipo kilipopendeza zaidi, maana ukifungua macho ulidhani jua limetangulia kuingia.

Miaka michache baadaye pampu za mlimani zilizimwa, maji yakarudi kwenye mahandaki, na nusu ya Los Tarajes ikahamia Barcelona na Ujerumani. Ginés alikaa nyumbani na kifua chake kibovu, akafa akiwa amezungukwa na watu wake. Saruji na rangi za makopo ziliua tanuri. Melchor akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya nyanya, Águeda akaendelea kupaka kwa wale wazee waliotaka chokaa ya zamani, mpaka magoti yakamkataza ngazi. Walipata mabinti wawili. Mkubwa aliolewa mjini Sabadell, mdogo akawa mwalimu hapo hapo Cuevas.

Huyo mdogo, Beatriz, ndiye aliyekuja mbio mwaka 2004 na gazeti mkononi. Wazee walikuwa jikoni. Wingu lilikuwa limeshuka juu ya Almagrera na manyunyu yalikuwa yameanza, na kwa kuwa siku ya mvua kila nyumba ya huko hupika migas, yaani unga uliokaangwa kwa mafuta, Águeda alikuwa ameshaweka kikaango motoni na unga kando.

“Mama, wameiona jarosita Mirihi!”

“Wameona nini wapi?”

“Kwenye sayari ya Mirihi. Wamepeleka gari lisilo na dereva, limepima mawe, na ndani yake imo ileile ya korongoni kwetu. Wanasema ni dalili kwamba zamani kulikuwa na maji kule. Maji makali, yenye tindikali. Halafu pakakauka.”

Melchor, aliyekuwa anasafisha dagaa wa kuchoma, aliweka kisu chini. “Na bado ni njano?”

“Inaonekana bado ipo, baba.”

“Basi kule hakuna waoka chokaa.”

“Wala wake zao,” Águeda alisema. Akalichukua gazeti, akalisogeza mbali na macho, akaitazama ile picha ya uwanda mwekundu usio na mti wala nyumba. Alimkumbuka baba yake akivua viatu mlangoni. Kisha akamrudishia binti yake, maana mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi.

“Hebu nipe huo unga,” alisema. “Na wewe Beatriz usisimame hapo na koti limelowa. Unakula hapa?”

“Nakula, mama.”

“Basi kaongeze dagaa.”